Mbele Yake Yuko Mtu: Jessica Gallagher na Swali la Kuongozwa

Katika orodha ya matokeo ya Paralimpiki ya Rio de Janeiro ya mwaka 2016, mbio za baiskeli za kilomita moja kwa wanawake wasioona na wenye uoni hafifu, nafasi ya tatu ina majina mawili: Jessica Gallagher na Madison Janssen, wote wa Australia. Mmoja haoni vya kutosha kujiongozea baiskeli katika mbio. Mwingine anaona sawasawa, na ndiye aliyeshika usukani. Medali ya shaba ilivishwa shingo mbili. Hakuna aliyelalamika, wala hapakuwa na sababu ya kulalamika. Lakini mtu akikaa na orodha ile kwa muda, swali huanza kumsumbua. Ni nani hasa aliyeshinda? Ikiwa ni Gallagher, Janssen alikuwa nini: kifaa, mfano wa gurudumu na mnyororo? Ikiwa ni wote wawili, kwa nini mashindano yale huitwa ya wasioona? Na anayesema, kwa sauti ya chini kama wasemavyo wengi, kwamba bila ya yule mwenye macho huyu mwingine asingefika popote, je, amesema kweli, au amesema kweli inayopotosha?

Swali hili halikomei uwanjani. Linamgusa kila aliyewahi kushikwa mkono ili avuke barabara, ngazi au ugonjwa. Na uzee ukimfikia, karibu kila mtu hushikwa. Lakini maisha ya Gallagher katika michezo yanalichambua vizuri kuliko mijadala mingi ya darasani, kwa kuwa amelipitia kwa mwili wake katika michezo mitatu, na katika kila mmoja uhusiano wake na yule anayetangulia ulikuwa wa namna nyingine.

Alizaliwa mwaka 1986 huko Geelong, mji wa bandari katika jimbo la Victoria, akakua akicheza netiboli na mpira wa kikapu. Akiwa na umri wa miaka 17 aligundulika kuwa na ugonjwa adimu wa macho uitwao ugonjwa wa Best. Ugonjwa huu hushambulia sehemu ya katikati ya retina, ile ambayo mtu huitumia kusoma herufi na kutambua nyuso, na aghalabu huziacha kingo. Mgonjwa anaweza kuona kwamba mtu ameingia chumbani asiweze kuona ni nani. Anaweza kulikwepa dimbwi la maji njiani kisha akashindwa kusoma kibao kilicho juu yake. Jamii haikuzoea upungufu wa namna hii. Imemzoea asiyeona kabisa, mwenye fimbo, ambaye hali yake haina mjadala. Anayeona nusu hushukiwa na pande zote mbili. Gallagher alisoma chuo kikuu mjini Melbourne na kuhitimu katika osteopathia, tiba ya mifupa na misuli itendwayo kwa mikono, kazi ambayo vidole hufanya mengi ambayo jicho halihitajiki kuyafanya. Huko alijipatia taaluma. Michezo ilimpa mtihani mwingine.

Mwaka 2008 alikuwa amechaguliwa kushiriki riadha katika Paralimpiki ya Beijing. Kila mshiriki wa daraja hizo hupimwa macho, naye akapimwa. Mpaka wa daraja la mwisho, lile la wenye uoni ulio bora kidogo kuliko wenzao, kwa ufupi ulikuwa huu: jicho lililo zima zaidi, hata likisaidiwa na miwani, lisiweze kuona kwa mita 6 zaidi ya kile ambacho jicho la kawaida hukiona kwa mita 60, ama sivyo, upeo wa uoni wake uwe umebana chini ya kiwango kilichowekwa. Jicho la Gallagher lililo bora lilikutwa limeuvuka mpaka huo kwa kiasi kidogo mno. Akaambiwa hastahili. Hakuwa mtu wa macho mazima wala hakuwa, kwa hesabu ya wapimaji, mwenye ulemavu wa kutosha. Baadaye uoni wake ukapungua zaidi, na mlango uliofungwa ukafunguka.

Hapa inafaa msomaji asimame kidogo, maana tukio hili hutajwa kwa sentensi moja katika wasifu wake na kupitwa. Mwanamke kijana anapoteza sehemu nyingine ya macho yake, na hasara hiyohiyo ndiyo inayomfanya mwanamichezo halali. Habari mbaya ya hospitali imegeuka kuwa habari njema ya uwanjani. Ni rahisi kuwalaumu wapimaji, na lawama hiyo haina msingi. Mashindano ya haki yanahitaji madaraja, madaraja yanahitaji mipaka, na mpaka wowote utamkata mtu fulani kwa kiasi cha unywele. Ukiusogeza ili umwingize huyu, utamkata mwingine aliyesimama hatua moja mbele yake. Kasoro haimo katika mahali mpaka ulipochorwa, imo katika aina ya kipimo chenyewe: taasisi inayomjua mtu kwa kile alichokosa peke yake haina lugha ya kumwambia mtu kama Gallagher isipokuwa moja kati ya mbili, kwamba amekosa vya kutosha au hajakosa vya kutosha.

Wahamiaji wanaujua mlango wa aina hii. Yupo aliyewahi kukaa mbele ya afisa, karatasi za daktari mkononi, akigundua kwamba ili apokelewe inampasa athibitishe ukubwa wa jeraha lake; akijieleza kwa heshima na uchangamfu atahesabiwa mzima, akiporomoka ataaminika. Mtu wa hali hiyo hujifunza kuusimulia upungufu wake kwa ufasaha, na huo ni ufasaha unaoacha doa. Bora ya uwanja wa michezo ni kwamba, baada ya mlango wa upungufu kupitwa, kinachopimwa ndani ni uwezo. Lakini mlango haupitwi mara moja tu; macho hubadilika, na wapimaji huweza kurudi.

Alipokwisha kupokelewa, Gallagher hakuanzia kwenye riadha. Mwezi Machi 2010 alishiriki Paralimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver katika mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa skii, akapata medali ya shaba katika slalomu, akiwa mwanamke wa kwanza wa Australia kupata medali katika Paralimpiki ya majira ya baridi. Mwongozaji wake alikuwa Eric Bickerton. Miaka minne baadaye, huko Sochi, alipata shaba nyingine katika slalomu kubwa, safari hii akiongozwa na Christian Geiger.

Msomaji aliyelelewa pwani ya Afrika Mashariki pengine anahitaji kuelezwa mchezo wenyewe. Mlima umefunikwa theluji iliyoshindiliwa ikawa ngumu karibu na barafu. Juu yake vimesimikwa vijiti vyembamba, na mtelezaji hushuka kwa kasi akikata kona kuvizunguka, kulia na kushoto, bila ya kuruka hata kimoja. Kwa mwenye uoni hafifu, mwongozaji hutangulia mbele amevaa fulana ya rangi kali, na baina yao kuna redio ndani ya kofia ngumu. Mwongozaji husema njia: kona inayokuja, mteremko unaozidi, mahali ambapo theluji imechimbika. Anayefuata huufuata ule mwangaza wa rangi kadiri macho yanavyoruhusu, na huifuata sauti.

Waswahili husema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo humkejeli anayehitaji kuambiwa. Mlimani, hata hivyo, kuambiwa ndiko kutazama, na kusikia vizuri ni kazi ngumu kuliko anavyodhani aliye na macho. Sauti huchelewa. Neno likitamkwa, kona imekwisha sogea. Anayesikia hana budi kuhesabu umbali uliobaki baina ya neno na jambo, kisha auinamishe mwili wake kuelekea mahali ambapo bado hapajaonekana. Akisubiri uhakika, amekwisha pitwa. Akiamini kwa upofu wa moyo, yaani bila kuipima sauti, siku sauti itakapokosea ataanguka nayo. Kwa hiyo imani ya mtelezaji kwa mwongozaji wake haifanani na ile ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Ni ustadi uliofanyiwa mazoezi kwa miezi, wenye makosa yake na marekebisho yake, na mtu anaweza kuuzidi au kuzidiwa nao sawasawa na ustadi wa kupiga mpira.

Na mwongozaji naye amefungwa. Hawezi kushuka kwa kasi aitakayo. Akienda mbali, anamwacha mwenzake na sauti isiyo na mwili; akikaribia mno, watagongana. Inambidi ashuke mlima akiwa na nusu ya akili nyuma yake. Mtazamaji aliye chini huona mtu anayeona akimwongoza asiyeona. Asichokiona ni kwamba aliye mbele naye anapokea maagizo, kwani kasi inatoka kwa aliye nyuma.

Katika riadha mambo yalikuwa kinyume. Gallagher aliruka umbali na kurusha mkuki katika daraja la F13, daraja ambalo mwanamichezo hana mwongozaji. Mwaka 2011, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Christchurch, alipata fedha katika kuruka na shaba katika mkuki. Katika Paralimpiki ya London ya 2012 alishiriki yote mawili asipate medali. Pale aliingia uwanjani peke yake, akakimbia peke yake, akaruka peke yake. Wapo wanaodhani kwamba huo ndio ushindi safi, usio na mkono wa mtu, na kwamba medali ya Christchurch ina uzito ambao ile ya Rio haina.

Dhana hiyo ina mfano wake mkubwa zaidi, na haki inadai utajwe. Mmarekani Marla Runyan, ambaye ugonjwa wa Stargardt ulimharibia uoni wa katikati akiwa bado mtoto, alipata medali nne za dhahabu katika Paralimpiki ya Barcelona ya 1992. Kisha akafanya jambo lisilotarajiwa: aliingia katika Olimpiki yenyewe. Huko Sydney mwaka 2000 alifika fainali ya mita 1500 na kumaliza wa nane. Mwaka 2002 alikimbia marathoni ya New York akawa wa nne kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 10. Hakuwa na kamba mkononi. Vyombo vya habari vilimpenda, na pendo lile lilikuwa na sauti ya kutoa fundisho: huyu ameushinda ulemavu kwa kuwa hakumhitaji yeyote.

Runyan alistahili sifa zote. Fundisho ndilo lisilostahili. Aliyekimbia katika kundi la wanawake wenye macho alifuata migongo yao na vishindo vyao. Umati wa wakimbiaji ulimfaa kwa njia ambayo hawakuikusudia. Alikuwa na kocha, alikuwa na njia iliyofungwa magari, alikuwa na mashindano ambayo umbo lake, kukimbia tu, lilitokea kuafikiana na uoni aliobakiwa nao. Mlima wa theluji hauafikiani nao hata kidogo. Anayemtukuza Runyan juu ya Gallagher kwa kigezo cha upweke anaupima mchezo, wala hawapimi wanawake wale wawili. Ni sawa na kumsifu mvuvi wa ufukweni kwa kutohitaji nahodha.

Hata hivyo, hoja dhidi ya medali ya Rio ina makali ambayo hoja dhidi ya medali ya mlimani haina, na mtetezi mwaminifu hana budi kuyakiri. Mlimani, Bickerton alitoa habari. Hakumsukuma Gallagher, hakumvuta, hakumwongezea nguvu hata kidogo. Kwenye baiskeli ya watu wawili, anayeketi mbele, aitwaye rubani, hutoa habari na nguvu pia. Baiskeli ya mbio za uwanjani haina breki, na pedali zake zimefungamana na gurudumu: gurudumu likizunguka, miguu huzunguka, na pedali za mbele na za nyuma zimeunganishwa kwa mnyororo mmoja. Haiwezekani mmoja akapumzika na mwingine akaendelea. Katika kilomita moja inayoanza kwa kusimama na kumalizika kwa kasi inayozidi kilomita 50 kwa saa, hakuna nafasi ya maneno. Aliye nyuma hauoni usukani; huhisi baiskeli ikilala kwenye mzingo, na hulala nayo. Miguu minne imesukuma, na miwili kati yake ni ya mtu anayeona. Basi sehemu ya ushindi, kwa maana halisi ya kifizikia, imetokana na misuli ya mtu asiye na ulemavu.

Shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, linalijua jambo hili, na limeweka masharti juu ya nani anaweza kuwa rubani, yakiwazuia waendeshaji wa kulipwa walio katika kilele chao. Sharti hilo linafichua wasiwasi. Linataka rubani awe hodari, maana bila hivyo mbio zitakuwa za hatari, lakini asiwe hodari kiasi cha kumfanya aliye nyuma aonekane mzigo. Ni sharti la busara na la aibu kidogo kwa wakati mmoja. Waliolitunga walihofia kwamba mtu atauliza swali lile la mwanzo, nani aliyeshinda, na jibu litakuwa baya.

Jibu lisilo baya lipo, na halihitaji hila. Mbio zile ni za jozi. Zikiisha, jozi imeshinda au jozi imeshindwa, kama ngalawa inavyoshinda na mabaharia wake. Kinachowatatiza watu ni dhana kwamba sifa ni kama mkate, ukimpa mmoja kipande umemnyima mwingine. Aristotle, katika maadili yake, aliandika kwamba yale yanayotendeka kwa njia ya marafiki zetu yametendeka, kwa namna fulani, kwa njia yetu wenyewe, kwa sababu chanzo chake kimo ndani yetu. Hakuwa akiwafikiria wanamichezo. Alikuwa akieleza jinsi mtu anavyopanga njia za kufikia lengo. Lakini kipimo chake, chanzo, kinasaidia. Janssen aliyeketi mbele ya Gallagher angeweza kushindana mahali pengine, kwa baiskeli ya mtu mmoja, kwa jina lake peke yake. Safari ile hasa, kutoka mlimani hadi kwenye mchanga wa kuruka hadi kwenye mbao za uwanja wa baiskeli, ilikuwa na mwanzilishi mmoja. Rubani alishiriki ushindi kikamilifu. Aliushiriki ndani ya nia ambayo si yeye aliyeianzisha. Hayo mawili hayapingani.

Lugha ya Kiswahili ina jambo la kusema hapa, na si lile ambalo kwa kawaida hutafutwa kwake. Mara nyingi imeonyeshwa kwamba majina ya watu wenye ulemavu, kipofu, kiziwi, kiwete, yamewekwa katika ngeli ya ki-vi, pamoja na viti na visu, na hoja imejengwa kwamba lugha imewashusha watu hao kuwa vitu. Kwa sababu hiyo wengi leo huchagua kusema asiyeona, au mwenye uoni hafifu, na uchaguzi huo ni wa heshima. Lakini ngeli hiyohiyo inabeba neno kiongozi. Kipofu na kiongozi ni majirani wa sarufi, na wote wawili, wakishaingia katika sentensi, huchukua upatanisho wa watu: kipofu amefika, kiongozi amefika. Tena neno kiongozi halitofautishi kati ya mtawala wa nchi na kijana anayemshika mkono babu yake kwenda msikitini. Mmoja huamuru, mwingine hutumika. Katika lugha ya ibada, kuongoka ni heri inayoombwa kila siku, na anayeomba kuongozwa haoni haya. Haya huja pale tu anayeongoza anapokuwa binadamu mwenzetu anayeonekana, tena barabarani, mchana, mbele ya majirani.

Siasa imelivimbisha neno hilo kwa miongo mingi hata maana yake ya unyenyekevu imesahauliwa. Mwongozaji wa michezo anairudisha. Thamani yake yote imo katika mwisho wa mwingine.

Zipo nyakati ambapo uhusiano huo hugeuka juu chini, na moja ilimtokea Mkenya. Henry Wanyoike, aliyepoteza uoni katika miaka ya 1990 akiwa kijana, alikwenda Paralimpiki ya Sydney ya 2000 kukimbia mita 5000 katika daraja la wasioona kabisa. Katika daraja hilo mkimbiaji na mwongozaji wake huunganishwa kwa kamba fupi mkononi. Mwongozaji wake wa siku ile, John Kibue, alikuwa na malaria. Karibu na mwisho, wakiwa mbele ya wote, nguvu zilimwishia Kibue. Wanyoike hakuweza kumwacha: kanuni ziliwataka wamalize pamoja, na asiyeona hawezi kukimbia peke yake kuelekea mstari asioujua uko wapi. Akamkokota. Aliyekuwa akiongozwa alimvuta kiongozi wake hadi mwisho, na dhahabu ikapatikana. Miaka minne baadaye, huko Athens, alishinda mita 5000 na mita 10,000, akiongozwa na rafiki yake tangu utotoni, Joseph Kibunja.

Kisa cha Sydney husimuliwa kama hadithi ya ushujaa wa mmoja, na ni ushujaa kweli. Lakini kinaonyesha pia jambo lililokuwapo siku zote ndani ya kamba ile, hata pale wote wawili walipokuwa wazima: kwamba haikuwa na mwisho mmoja tu wa kuvuta. Mgonjwa alimkimbiza mzima hadi hatua za mwisho akiwa na homa. Mzima akammalizia mgonjwa. Ni vigumu kusema nani alimtegemea nani, na ugumu huo si kasoro ya maelezo.

Mtu atasema hapa kwamba falsafa ya Kiafrika imekwisha lijibu swali hili: mtu ni watu. Jibu hilo ni sahihi kwa ujumla, na ni jepesi mno kwa kesi hii. Halisemi ni watu gani, wala kwa muda gani, wala nani anadaiwa nini siku jozi inapovunjika. Jamii inayomzunguka mtu tangu kuzaliwa haichaguliwi, nayo haimfukuzi mtu kwa kupungukiwa kasi. Rubani huchaguliwa. Hupimwa kwa saa. Mkataba wa jozi ni wa karibu kuliko ndoa nyingi kwa muda wa dakika moja na sekunde chache, kisha unaweza kuisha kwa sababu ya jeraha, masomo, au mtu mwingine kujitokeza mwenye miguu ya haraka zaidi. Bickerton, Geiger, Janssen: kila mmoja aliujua mwili wa Gallagher kwa namna ambayo jamaa zake hawakuujua, na kila mmoja alifika mahali akashuka. Mwanafalsafa Alasdair MacIntyre, katika kitabu chake cha 1999 kuhusu binadamu kuwa mnyama mwenye akili na mwenye kutegemea, aliwalaumu wanafalsafa wa maadili kwa kuusahau utegemezi, na akazungumzia fadhila za kuukiri. Anachokifikiria zaidi ni malezi, ugonjwa na uzee, pale ambapo tunaowalipa si wale waliotupa. Jozi ya michezo ni kitu kingine: wanaolipana ni walewale, pale pale, kwa sarafu ya medali mbili zinazofanana. Deni linalobaki baada ya hapo halina jina.

Pengine ndiyo maana majina ya waongozaji hupotea haraka. Medali wanazo, lakini kumbukumbu ya umma huwa na nafasi ya jina moja, na nafasi hiyo humwendea aliyedumu. Gallagher amesifiwa kuwa Mwaustralia wa kwanza kupata medali katika Paralimpiki za majira ya baridi na za majira ya joto. Hakuna rubani wala mwongozaji wake aliye na sifa hiyo, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumfuata kutoka theluji hadi kwenye mbao. Hapo ndipo lile dai la sauti ya chini, kwamba bila ya mwenye macho asingefika popote, linapoonekana kuwa kweli inayopotosha. Bila ya Bickerton asingefika chini ya mlima wa Vancouver. Bila ya Janssen asingekamilisha mzunguko mmoja wa Rio. Lakini mtu aliyetoka mmoja wa mahali hapo hadi pengine, akabadili mchezo, akaanza upya kujifunza sauti ya mtu mwingine na uzito wa mtu mwingine kwenye kona, alikuwa mmoja, na katika kazi hiyo hakuwa na mtu mbele yake.

Mwezi Aprili 2018, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Gold Coast, Gallagher na Janssen walipata fedha. Mwaka 2022 michezo hiyo ilikuwa ya Birmingham, ingawa mbio za baiskeli za uwanjani zilikimbiwa London. Gallagher, akiwa na umri wa miaka 36, alishinda dhahabu katika mbio fupi na dhahabu nyingine katika kilomita moja. Usukani ulikuwa mikononi mwa Caitlin Ward. Katika orodha ya matokeo, jina la kwanza ni lilelile la Rio. La pili limebadilika.